Stuli Isiyokaliwa Miaka Saba

Jumamosi ile Baba alinituma kwa yule mwanaume kama mtu anayemtuma mwanawe chumvi dukani. Alikuwa amemaliza chai, amekunja gazeti, amevua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. Kisha akasema, macho yakiwa dirishani:

"Kuna mzigo wangu mahali. Nenda kanichukulie."

"Mzigo gani, Baba?"

"Nimenunua kitu."

Baba yangu hanunui vitu. Tangu astaafu ukarani wa mahakama, kitu kipya alichoingiza nyumbani kwetu ni balbu, na hiyo nayo aliingia nayo kwa shingo upande. Nikaweka kikombe chini.

"Kitu gani?"

"Stuli."

"Stuli? Humu ndani tuna viti sita na tuko wawili."

Alinisukumia karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wake wa mahakamani, herufi zimesimama wima kama zinasubiri kuitwa kizimbani. Mtaa wa mafundi, nyuma ya stendi, mlango wa bluu baada ya muuza kamba. Nilisoma mara moja tu, nikaigeuza kifudifudi mezani. Rangi ya mlango ule niliichagua mimi, nikiwa na miaka ishirini na sita na akili zangu zote zikiwa kwa mwenye mlango.

"Baba, unajua hapa ni kwa nani?"

"Nimeandika mwenyewe, nitakosaje kujua?"

"Na unanituma mimi."

"Miguu inaniuma." Alivaa miwani, akachukua simu yake. "Na ukikuta ni nzito, usihangaike kuibeba. Pumzika kwanza."

Nilimtazama mzee wangu, nikashindwa kujua kama anatania. Miaka saba iliyopita, katika sebule hii hii, ndiye aliyeniambia kwamba maadamu yeye yu hai sitaolewa na fundi wa redio. Sasa ananituma kwa huyo huyo fundi nikachukue stuli, na ananisihi nipumzike.

"Baba, nieleze."

Basi akanigeuzia simu.

Kioo kilionyesha kundi la mtandaoni, nami ndiye niliyemwingiza humo. Miaka miwili iliyopita, nilipohamishiwa tena mji wetu baada ya Mama kufariki, nilimkuta mzee anakaa na redio yake aliyoizima tangu msiba, anaifuta vumbi kila asubuhi kana kwamba ina uhai. Nikamtafutia mtandaoni kundi la watu wanaopenda redio za zamani, nikamkuzia herufi za simu, nikaenda zangu kazini. Nilidhani anasoma vichekesho. Kumbe watu mia nane wa miji mbalimbali walikuwa humo, wanaulizana habari za vipuri na nyaya, na mtu wanayemsikiliza kuliko wote wanamwita Fundi Pole.

Jina hilo lilinifanya nitabasamu kabla sijajizuia. Alikuwa hivyo tangu zamani. Ukimpelekea redio, kabla hajaigusa, anakwambia kwanza pole, kama umefiwa. Kisha anakwambia ukweli. Kama haitengenezeki anasema haitengenezeki, usipoteze pesa yako, na hakudai kwa kuitazama.

Ujumbe alionionyesha Baba ulikuwa wa siku kumi na mbili nyuma.

"Ndugu zangu wa kundi," alikuwa ameandika Fundi Pole, "nauza vifaa vyangu vya kazi. Nimeandika na ubovu wa kila kimoja, asije mtu akanunua kwa kutojua. Mita ya kupimia umeme, inasoma pungufu kidogo, mnunuzi ajue kuongezea. Pasi ya solda, mpini una ufa, nimeufunga kwa utepe. Jiliwa, zima, ila linapenda vidole. Bisibisi kumi na moja. Ya kumi na mbili naitafuta tangu mwaka juzi. Stuli mbili. Moja mguu wake unacheza, ndiyo ninayokalia. Ya pili nzima kabisa. Haijakaliwa miaka saba."

Nilisoma mstari wa mwisho, nikaurudia, nikaurudia tena. Baba alijifanya anatafuta kijiko.

Chini yake watu walikuwa wamejaa maswali. Fundi, kulikoni? Fundi, unahama? Yeye kimya. Aliyejibu ni mwanamke mmoja anayeuza antena mtaa ule ule, kundini wanamwita Mama Antena. Akawaambia kwamba Fundi alipasuliwa jicho, akakaa miezi miwili bila kazi, akiba yote ikaenda hospitali, kodi ya chumba ikalala, na sasa anataka kwenda kwa kaka yake mji wa mbali akalinde ghala. "Mwenyewe hawezi kusema," aliandika, "mnamjua."

Walimjua kweli. Wa kwanza kujibu alikuwa dereva wa lori: "Mita naichukua mimi. Mwaka juzi mafundi watatu waliniambia redio ya lori imekwisha, ninunue mpya. Huyu aliniongoza kwa simu nikiwa porini, nikabadilisha fyuzi, ikaimba. Hakunidai hata nauli ya maneno. Fundi, niwekee hapo hapo, nitapita." Akafuata mwalimu wa fizikia, akachukua pasi. Sista mmoja wa zahanati akachukua jiliwa, na sidhani kama anajua kwamba jiliwa ni kibanio cha mezani. Ndani ya dakika ishirini kila kitu kilikuwa kimepata mwenyewe, pesa zimetumwa, na kila mmoja kamalizia kwa maneno yale yale: niwekee hapo hapo.

Wa mwisho alijiita Mstaafu. "Stuli ya pili," alikuwa ameandika. "Ile isiyokaliwa."

"Baba, ni wewe?"

"Ningezubaa, yule dereva angeichukua," alisema Baba, akainuka na kwenda bafuni akiwa hachechemei hata kidogo.

Nilibadilisha nguo mara mbili. Nilivaa gauni la kijani, nikaliona linasema mengi, nikavaa la kazini. Mimi ni mtu wa masijala, kazi yangu kutafuta mafaili ya wagonjwa, na mtu wa masijala anatakiwa kutulia. Lakini nilipofika kona ya muuza kamba nikasikia harufu ya solda ikitoka maduka ya jirani, utulivu wote ukaniaga.

Harufu ile ndiyo ujana wangu. Kila siku nikitoka kazini saa kumi nilikuwa napita pale. Alikuwa amenitengenezea stuli kwa mbao za kasha la spika, fupi kuliko yake kwa sababu mimi mwenyewe ni mfupi, na jina alilonipa lilikuwa Masafa Mafupi. Nilikaa, nikavua viatu, nikamsimulia habari za kazini huku yeye kainama juu ya redio za watu. Alikuwa akipata stesheni ya muziki anaiacha ikiwa chini, ananitazama mara moja, anarudi kazini. Kutazama kwenyewe kulikuwa kwa sekunde mbili. Nilikuwa naenda nako nyumbani, nalala nako, naamka nako.

Siku ya posa alikuja na mjomba wake, wamevaa makoti mazito kwenye jua. Baba akamuuliza kazi yake. Akasema, natengeneza redio. Baba akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio yake iliyokuwa kabatini, ikajaza sebule.

"Hii ninayo miaka ishirini," Baba alisema. "Haijawahi kuharibika hata siku moja. Sasa mwanangu atakula nini?"

Mjomba alicheka kwa adabu. Yeye hakucheka. Baba akampa sharti: arudi akiwa na kazi ya mshahara au nyumba yake mwenyewe. Habari ya redio isirudi tena mezani pale.

Nilikuwa na akiba yangu. Wiki iliyofuata niliiweka kwenye bahasha, nikaipeleka dukani, nikaiweka mezani kati ya koleo na bisibisi. Nikamwambia, tuongezee chumba, tununue kiwanja, chochote. Akairudisha upande wangu. Nikaisukuma kwake, akairudisha. Hakuwa mkali, tena alikuwa mpole kama kawaida yake, na huo upole ndio ulioniumiza. Akasema hawezi kumpelekea baba yangu pesa za binti yake mwenyewe. Mara ya nne niliichukua bahasha yangu, nikavaa viatu, nikaomba uhamisho. Nilisubiri anipigie simu. Nilikuja kuambiwa na watu kwamba naye alikuwa akisubiri apate kitu cha kuniambia. Hivyo ndivyo watu wawili wazima wanavyopoteza miaka saba.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Rangi imebanduka chini, pale watu wanaposukuma kwa mguu. Ndani alikuwa ameketi kwenye stuli yake mbovu, kavaa miwani minene, ameshika gazeti karibu na pua. Ukutani, pale vilipokuwa vikining'inia vifaa, palikuwa na misumari mitupu. Vifaa vyenyewe vilikuwa mezani, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi ya kaki na kufungwa uzi, juu yake jina la mnunuzi. Na kwenye rafu nyuma yake niliona redio sita zimepangwa, zinasubiri.

"Karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Kwanza pole. Imefanyaje?"

"Haijafanya kitu. Nimekuja kuchukua mzigo."

Gazeti lilishuka polepole. Alinitazama, na safari hii hazikuwa sekunde mbili. Mvi zilikuwa zimemwanza pembeni, na jicho la kushoto lilikuwa jekundu kidogo. Nilitaka kulishika. Nakiri hivyo wazi, nilitaka kuvuka meza ile nilishike jicho lake kwa kiganja.

"Masafa," alisema. Nusu ya pili ya jina haikutoka.

"Habari za siku nyingi."

"Nzuri. Mzigo wa nani?"

"Wa Mstaafu."

Alikohoa, akasimama, akakaa tena. Stuli ikayumba chini yake.

"Basi wewe ndiye wa kwanza," alisema, akishika habari ya kazi kama mtu anayeshika ukuta gizani. "Leo siku ya kumi na mbili. Nimewaandikia mmoja mmoja. Dereva anasema lori limekufa njiani. Mwalimu anasema yuko kwenye mitihani. Sista ana zamu. Huyu wa bisibisi ananiambia nisubiri mpaka niipate ya kumi na mbili, yeye anataka seti kamili. Nimetafuta chini ya kabati mpaka nimechafuka."

"Na kazi unafanyaje?"

"Sifanyi. Nitafanyaje na vifaa vya watu?"

"Hizo redio sita?"

"Zimeletwa wiki hii. Nawaambia wasubiri nipate namna. Jana kaja mama mmoja, redio yake ni waya mmoja tu umekatika, solda ya dakika mbili. Nikamwambia, pole mama, sina pasi. Akaiona ile pale, imefungwa, mpini umetokeza. Akanitazama kama nimemwibia."

Nilianza kucheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa, nikashika mwimo wa mlango. Miaka saba nilikuwa nimeandaa machozi ya siku hii, na maneno mazito, na namna ya kusimama. Nikajikuta nacheka mpaka mbavu zinauma.

"Unacheka nini?"

"Hawaji, wewe mwanaume."

"Nani haji?"

"Wote. Hakuna atakayekuja. Sista wa watu atalifanyia nini jiliwa, atang'olea watu meno? Wamelipa ili ubaki na vitu vyako. Mtaa mzima umeelewa, kundi zima limeelewa, umebaki wewe."

Alitazama mezani. Niliona akili yake ikipita kwenye vifurushi kimoja kimoja, inasoma majina, na uso wake ukabadilika taratibu. Akavua miwani.

"Ndiyo maana wengine walizidisha," alisema.

"Walizidisha nini?"

"Pesa. Nikawarudishia."

"Uliwarudishia."

"Kilichozidi. Nilijua wamekosea."

Kuna watu ukiwapenda unapaswa kuhesabu hasara hiyo ndani ya mapenzi yenyewe.

"Basi hii ni sadaka," alisema, na sauti ikawa ngumu. "Sikuomba sadaka mimi. Niliuza. Nitawarudishia zote. Sijui nitazitoa wapi, kodi nimeshalipa, lakini nitarudisha. Nitakwenda kwa kaka, nitalinda hilo ghala, nitatuma kidogo kidogo."

Kicheko chote kiliniisha. Niliiona bahasha yangu inasukumwa juu ya meza ile ile.

"Yule dereva ulimdai kiasi gani porini?"

"Ilikuwa fyuzi ile."

"Na hii ni mita. Kwa nini ya kwako ni wema na ya kwake ni sadaka?"

"Siyo sawa."

"Ni sawa. Unawajibu watu wale asubuhi na jioni, miaka yote hii. Mtu akiuziwa kipuri kibovu, wewe ndiye unayemwambia arudishe. Mtu akitaka kutupa redio ya marehemu baba yake, wewe ndiye unayemwambia asubiri. Wamekujua. Wamekuamini. Siku moja, siku moja tu, wamepata nafasi ya kukulipa, na wewe unataka kuwafungia mlango."

"Siwezi kuwa mtu wa kuchangiwa."

"Wewe unaweza tu kuwa mtu wa kuchangia. Unajua mwenzako anajisikiaje?" Sasa sauti yangu ndiyo iliyokuwa inatetemeka na sikujali. "Nilikaa humu miaka miwili. Hukuwahi kuniomba hata nikushikie waya. Nilikuletea jasho langu kwenye bahasha ukanirudishia kama mteja aliyezidisha hela. Ungenidai kitu chochote, hata senti, ningebaki. Ningegombana na Baba mpaka leo."

"Nilidhani nakutunza."

"Ulikuwa unanifukuza kwa adabu."

Nje muuza kamba alikuwa anabishana na mteja kuhusu urefu. Tulimsikiliza wote wawili kana kwamba ni jambo letu. Fundi alikunja gazeti lake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Baba yako ndiye Mstaafu," alisema mwishowe.

"Umejuaje?"

"Redio. Mwaka jana jirani yenu mmoja aliniletea redio, akasema ni yake. Nikaiangalia, nikaijua. Siku ile ya posa sikuwa na pa kuweka macho, nilikuwa naitazama hiyo hiyo. Naijua kila mkwaruzo. Na jioni niliyoirudisha, Mstaafu akaandika asante kundini."

Nilikaa kwenye kizingiti. "Ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu. Betri ziliwekwa kinyume."

"Baba aligeuza betri?"

"Zote nne." Kwa mara ya kwanza alitabasamu, upande mmoja wa mdomo, kama zamani. "Nikazigeuza, nikamwandikia kikaratasi: redio yako nzima, haidaiwi kitu. Ningeweza kumwandikia mengine. Nilikuwa na mengine mengi. Lakini mtu kakuletea redio, umtengenezee redio."

Nilimwona akilini mzee wangu akipokea kikaratasi kile, akikisoma peke yake sebuleni pamoja na redio yake inayozungumza. Mtu aliyemdhalilisha kijana wa watu kwa redio, na kijana yule kapata nafasi ya kumrudishia mbele ya watu mia nane, kanyamaza. Baba hakuniambia hata neno moja. Badala yake amekaa na simu yake mwaka mzima, kila jioni, herufi kubwa, anamsoma.

"Iko wapi stuli ya Mstaafu?" niliuliza.

Akaenda kwenye kona, akaondoa kitambaa. Haikuwa na karatasi ya kaki wala uzi wala jina. Mbao zimefutwa vumbi, zinang'aa.

"Hii nilishindwa kuifunga," alisema. "Nilijaribu mara mbili."

Aliiweka katikati ya chumba, pale pale ilipokuwa ikikaa, upande wa kushoto wa meza. Nikainuka kutoka kizingitini, nikaikalia. Magoti yangu yalifika kimo kile kile. Sijui ni nini kilichonishika, nikavua viatu.

Kisha akachukua simu yake, akaileta karibu na jicho, akaisogeza mbali, akaileta tena. Nilijilazimisha kukaa na mikono yangu mapajani. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwa mwanaume huyu mara nne, ya tano sikuwa nayo.

Akaninyooshea simu.

"Niandikie," alisema. "Herufi ndogo bado zinanishinda."

Niliipokea kwa mikono miwili. Niliinamisha kichwa asione uso wangu, nikamwambia aseme.

"Andika hivi. Ndugu zangu, kwanza poleni."

"Poleni kwa lipi?"

"Kwa kunisubiri nielewe. Andika. Nimechelewa kuelewa, nimeeleweshwa leo. Vifaa ni vyenu, mmevilipia, na majina yenu yako juu. Kama hamji kuvichukua, naomba mniazime nifanyie kazi. Asiyetaka aseme, sitamwona vibaya." Alisita. "Na asanteni. Weka asanteni."

Nikaweka, nikatuma. Neno "naomba" nililitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko mengine.

Hata hatukuwa tumepumua vizuri. Dereva: "Hatimaye jamani. Lori langu limepona sasa hivi." Mwalimu: "Mitihani imekwisha." Sista: "Nieleze jiliwa ni nini, halafu litumie mpaka lichoke." Mama Antena akaandika kwamba alikuwa anakuja mwenyewe kufungua zile karatasi kwa meno. Yule wa bisibisi alisema anaazimisha, lakini kodi yake ni ile ya kumi na mbili. Nilikuwa namsomea moja moja, naye kasimama kaegemea meza, amefunika macho kwa mkono, mabega yanacheka au yanalia, sikutaka kujua.

Halafu nikaona: Mstaafu anaandika.

Baba anaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo ilituchukua muda. Anaandika. Anaacha. Anaandika. Kundi zima likanyamaza kama linajua.

"Mimi stuli yangu siazimishi," aliandika.

Nilisoma kwa sauti kabla sijafikiri. Mkono wa Fundi ulishuka kutoka machoni. Alitazama sakafu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea hukumu hiyo kutoka kwa hakimu yule yule, akaanza kutafuta uzi wa kufungia. Nikaanza kuinuka.

"Ngoja," nilisema. "Bado anaandika."

Ilikuja kwa vipande viwili, kwa sababu Baba hubonyeza kutuma kabla hajamaliza.

"Nimeitoa moja kwa moja, ibaki hapo hapo."

Kisha:

"Na aliyekuja kuichukua simzuii kukaa. Nilimzuia mara moja, imetosha."

Nikampa simu asome mwenyewe, jicho lake likiwa limekaribia kabisa kioo, midomo ikitamka silabi kwa silabi. Alipomaliza aliiweka mezani, kifudifudi, taratibu sana. Akapiga magoti mbele ya stuli ile fupi ili macho yetu yawe sawa, na niliona mwili mzima unapigana na neno moja ambalo hajawahi kulitoa maishani mwake kwa ajili yake mwenyewe.

"Usiende," alisema.

"Hiyo ni amri au unaniazima?"

Akatikisa kichwa. Jicho jekundu lilikuwa limejaa, na lile zima pia.

"Nakuomba," alisema.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke na redio kwapani, anatutazama mmoja baada ya mwingine, hajui aondoke au aingie. Nikamwambia akaribie. Nikamwambia fundi yupo, pasi ipo, ila asubiri kidogo, kwa sababu kwanza mimi nina jambo la kumjibu.